Kushoto Nyuma

Jumatano saa nne asubuhi Gichuru alilirudisha gari la marehemu baba yake kwa Kyule kwa mara ya tatu, na safari hii hakuzima injini. Aliliacha lingurume mlangoni mwa karakana, pale kando ya barabara ya Namanga, mpaka watu wa Kitengela wenye kazi na wasio na kazi wakaja kuangalia. Nao kwa kuja kuangalia hawajambo. Gari lenyewe lilikuwa Mustang ya Kimarekani ya mwaka wa sitini na nane, rangi ya damu ya mzee, boneti ndefu kama meza ya harusi, na katika mji mzima wa mapikapu na malori ya mchanga hapakuwa na la pili.

Gichuru hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa na duka la vyakula vya mifugo kule Matasia, na mafundi wote walijua kwamba hana tabia ya kumzungusha mtu. Alitaka kitu kimoja tu. Alikuwa na picha ya mwaka wa sabini na nne iliyopigwa Kimuka, baba yake ameegemea mlango wa gari hilo, na gari limesimama vile magari ya namna hiyo yanavyopaswa kusimama: pua imeinama kidogo, mkia umenyanyuka kidogo, kulia na kushoto sawasawa. Miaka kumi ndani ya banda ilikuwa imezilaza springi, gari likawa limekaa chini kama kuku anayeatamia. Jumamosi ingetimia miaka kumi tangu mzee azikwe, na Gichuru alikuwa amemwahidi mama yake, Wacuka, kwamba atampeleka kanisani ndani ya gari hilo likiwa limesimama vile lilivyo kwenye picha.

Sasa lilikuwa limeinuka, hilo hakuna aliyelikataa. Lakini lilikuwa limelala upande. Kushoto nyuma kulikuwa chini kuliko kulia, kidogo tu, kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja, na ukishaona hivyo huwezi tena kuacha kuona.

Kyule alitoka akijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja, na thelathini na minne kati ya hiyo alikuwa amepiga springi: kuzipasha moto, kuzikunja, kuziongezea jani la chuma au kuzipunguzia, mpaka gari likae kwa urefu wake. Alisema kwa upole kwamba alilipima jana jioni na kila gurudumu lilitoa namba yake. Gichuru akamwuliza kama haoni lilivyolala. Kyule akasema anaona, lakini tepu ya kupimia inasema liko sawa. Basi hapo ndipo Gichuru, pengine kwa kuhesabu siku zilizobaki, alipofanya jambo ambalo jioni ile ile alilijutia. Aliinua mkono juu.

"Mzee, hebu niambie. Hivi ni vidole vingapi?"

Watu wawili watatu wakacheka. Ngigi, dereva wa matatu, mtu wa domo na mzaha, alicheka pia, kisha akaangalia viatu vyake. Kyule aliviona vile vidole vitatu vizuri kabisa, mpaka pete aliiona, lakini mtu mzima akiulizwa swali kama hilo mbele ya watu, jibu lolote atakalotoa ni la aibu. Aliomba injini izimwe, akanyoosha mkono kupokea ufunguo, akasema Jumamosi asubuhi gari litakuwa tayari.

Kwenye mlango wa nyumba, nyuma ya karakana, alikuwa amesimama binti yake Evalyne, aliyekuwa ametoka zamu kwenye kiwanda cha nguo Athi River. Alikuwa ameona yote.

Kisa cha vidole kilikuwa hiki. Miaka miwili nyuma Kyule alitolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia, kwenye kambi ya madaktari iliyofanywa kanisani. Alitoka pale akiona vizuri, yeye mwenyewe alisema hivyo na daktari alisema hivyo. Lakini mji ulikuwa umemwona akitembea na bandeji wiki mbili, na mji ukishaona bandeji hausikii tena maneno. Wateja wakaanza kumwuliza kama ana uhakika. Mmoja alimwomba mpwa wake aje kuangalia baada ya Kyule kuangalia. Maneno madogo madogo, lakini yaliingia.

Zamani Kyule hakuwa na haja ya tepu. Alikuwa akivuka barabara, anahesabu hatua arobaini, anachuchumaa, analitazama gari kwa muda wa mtu kunywa chai, kisha anarudi na kusema, "Kidole kimoja, kulia mbele." Na ilikuwa kidole kimoja, kulia mbele. Baada ya bandeji aliacha kuvuka barabara. Alinunua tepu ya chuma, na kwa kuwa namba zake zilikuwa ndogo mno, mkewe Nzilani ndiye aliyezisoma. Kyule alishika ncha moja sakafuni, Nzilani akavuta nyingine mpaka ukingo wa madigadi juu ya gurudumu, akasoma kwa sauti kama anayesoma somo kanisani. Namba haina bandeji, na wateja waliipenda.

Mchana huo, wakila githeri, Evalyne alisema alilokuwa amelibeba muda mrefu. Alisema baba arudi kijijini Kilungu apumzike, kuna machungwa ya kupogoa, na hiyo karakana ingeweza kuwa vyumba vya kupanga. Alisema kwa machozi, si kwa dharau, kwa sababu vile vidole vitatu vilikuwa vimemchoma yeye kuliko vilivyomchoma baba yake.

"Baba, mimi siwezi kuona wakikufanyia hivyo tena. Siwezi."

Kyule alitafuna mpaka akameza. Halafu akasema kitu ambacho Nzilani hakukitarajia. Alisema ni sawa. Hii gari ikitoka hapa Jumamosi ikiwa imepinda, Jumatatu anafunga mlango na anapanda gari la mji wa Wote kurudi kwao, na hakuna atakayemsikia akilalamika. Lakini asifungishwe kabla ya Jumamosi.

Nzilani akaanza kukusanya sahani. Aliwajua wote wawili.

*

Alhamisi alianza upya kabisa, kana kwamba gari limefika leo. Aliliinua kwa jeki, akalegeza boliti, akatoa springi zote mbili za nyuma na kuzilaza chini moja kando ya nyingine. Upinde ulikuwa sawa kama wa mapacha, ila ya kushoto ilikuwa imepunguzwa jani moja, kama tepu ilivyodai. Hata hivyo alizitenganisha jani kwa jani, akazitia motoni, akazipiga upya moja baada ya nyingine, akazitumbukiza kwenye oili chafu mpaka moshi ukajaa na Nzilani akakohoa kule nyumbani. Akapima upinde wa kila moja kwa uzi. Sawa.

Baadaye akaanza kutafuta kila mahali palipo na uwezekano. Alipima upepo wa matairi. Alibadilisha magurudumu, la kulia likaenda kushoto. Alitoa betri, akaifikiria, akairudisha. Aliingia chini ya gari kwa mgongo, na tochi mdomoni, akakagua chesisi kwa vidole sentimita kwa sentimita, akitafuta mahali palipojikunja, na chesisi ilikuwa imenyooka vizuri kuliko ya magari mengi mapya. Ilikuwa shida tupu, na bado, nisiseme uongo, alikuwa akiifurahia. Kwa saa nyingi alisahau Kilungu, alisahau vidole. Alikuwa anataka tu kujua.

Saa kumi jioni walilishusha. Nzilani akasoma. Kulia nyuma, inchi ishirini na sita na nusu. Kushoto nyuma, ishirini na sita na nusu. Mbele zote mbili, ishirini na sita.

"Iko sawa, Baba Evalyne," alisema.

Kyule alirudi nyuma hatua tano, mpaka ukutani, akalitazama gari. Lilikuwa limelala kushoto nyuma. Alifunga jicho la kulia, lile lililopasuliwa, akaangalia kwa la kushoto peke yake. Limelala. Akafunga la kushoto, akaangalia kwa la kulia. Limelala vile vile. Akamwuliza mkewe yeye anaona nini. Nzilani aliangalia tepu, akaangalia gari, akaangalia uso wa mumewe, akasema tepu inasema iko sawa. Hilo halikuwa jibu la swali, na wote wawili walijua.

Hapo ndipo alipoingia Kakuta. Kakuta ndiye aliyemwuzia Kyule ile ploti ya karakana miaka ya nyuma, na sasa alikuwa akifanya biashara ya ng'ombe kwenye soko la Bisil. Kila akitoka huko alipita kwa Kyule kukaa kwenye tairi la lori na kunywa chai ya bure.

"Sopa, mzee," alisalimu kwa Kimaasai.

"Epa. Karibu, kaa."

Kakuta alilitazama gari, akasema limelala. Kyule akacheka kwa uchungu, akamweleza habari yote, pamoja na namba. Kakuta alisikiliza huku akipuliza chai. Akasema yeye hajui magari, lakini kule Bisil watu wanajua kukudanganya. Muuzaji anamsimamisha ng'ombe wake mahali ambapo miguu ya mbele iko kwenye kilima kidogo, hata kama ni kilima cha ngumi moja, na ng'ombe mfupi anakuwa mrefu. Mnunuzi mjinga anaangalia ng'ombe. Mnunuzi mwerevu anamshika kamba, anamgeuza, anamwangalia tena.

"Nyinyi mafundi hamgeuzi?" aliuliza.

Kyule akasema gari si ng'ombe. Kakuta akakubali kwamba si ng'ombe, akaomba chai nyingine.

*

Ijumaa asubuhi Kyule aliamka na neno lile lile kichwani. Hakuliamini. Alilifanya kwa sababu hakuwa amebakiza kingine cha kufanya. Alimwita Nzilani, akaingia garini, akalitoa mpaka barabarani, akalizungusha, na kulirudisha ndani kinyumenyume, mkia ukatazama ukuta na pua ikatazama mlango. Tangu sakafu ile imwagwe hapakuwa na gari lililowahi kuingia hivyo. Magari yote yaliingia kwa pua, ili nyuma ibaki mlangoni kwenye mwanga, kwa kuwa springi nyingi zinazochoka ni za nyuma.

Alishika ncha ya tepu sakafuni.

"Kushoto nyuma."

"Ishirini na tano na nusu," Nzilani alisoma. Akavuta tepu upya. "Ishirini na tano na nusu, Baba Evalyne."

"Jana ilikuwa ishirini na sita na nusu."

"Najua. Mimi ndio nilisoma."

"Kulia mbele."

"Ishirini na saba kasoro robo."

Kyule alikaa chini hapo hapo alipokuwa. Hakuna spana iliyoligusa gari hilo tangu jana. Hakuna aliyeongeza jani wala kutoa. Lilikuwa limegeuzwa tu, na namba zilikuwa zimebadilika, na gari halina sababu ya kubadilika kwa kugeuzwa. Alikaa akiitazama sakafu katikati ya miguu yake, nyeusi kwa oili na vumbi la miaka. Baadaye akamwambia mkewe alete ndoo ya maji.

Nzilani alileta. Kyule akamimina yote pale katikati. Maji yalisita kidogo, yakatafuta njia, kisha yakaenda yote kwa haraka kwenye kona moja, kona ya kushoto karibu na mlango, yakajikusanya pale yakatulia. Kyule aliingiza vidole. Maji yalifika kwenye kiungo cha pili.

"Ya nini kunishangaa?" Nzilani alisema, maana Kyule alikuwa amegeuka anamtazama. "Maji huenda hapo siku zote nikiosha. Mimi nilidhani ulifanya makusudi, yasitiririke nje kwa watu."

"Tangu lini?"

Nzilani alifikiria. Tangu baada ya mvua ya El Niño, alisema, miaka miwili sasa.

Basi ikawa wazi, na ukiwahi kujenga Kitengela unajua tayari. Udongo mweusi wa pale hauna adabu. Ukinywa maji unavimba na kuinua nyumba nzima, ukikauka unapasuka nyufa ambamo mbuzi anavunjika mguu. Mwaka ule wa El Niño maji ya barabarani yalisimama kwenye mtaro kando ya ukuta miezi mitatu. Halafu ukaja ukame, huu ulioua ng'ombe wa watu, na udongo chini ya ile kona ukanywea ukaondoka. Sakafu ilipasuka, ikashuka polepole, vidole viwili. Kyule mwenyewe aliuziba ufa kwa simiti, hakujiuliza lolote, kwani nani Kitengela hana ufa? Na kila gari lililoingia liliweka gurudumu lake la kushoto nyuma ndani ya kile kishimo. Tepu ilishuka nalo mpaka chini, ikatoa namba kubwa, na Kyule akapunguza springi mpaka namba zikalingana. Tepu haikusema uongo. Iliulizwa swali mahali pabaya.

Jicho ndilo lililokuwa likisema kweli siku zote. Hilo lilimfikia Kyule taratibu, akasimama, akacheka peke yake kama mwendawazimu, akampiga Nzilani begani. Jicho lake lilikuwa zima! Miaka miwili alikuwa nalo zima, na hakulisikiliza kwa sababu ya maneno ya watu na bandeji.

Nzilani alicheka naye. Yeye ndiye aliyenyamaza kwanza.

"Na zile zingine?" aliuliza.

Kyule hakuelewa, halafu akaelewa. Pikapu za wauza nyanya. Malori ya mchanga. Gari la shule. Matatu ya Ngigi. Kila gari lililotengenezwa springi za nyuma ndani ya miaka miwili lilikuwa limetoka pale limepinda kwa mkono wake. Pikapu ikiwa na makreti ya nyanya ikilala kidogo, nani ataona? Ni hili la Gichuru tu, lenye mistari mirefu na jua juu yake, ambalo halikukubali kuficha.

Nzilani alimshika mkono, jambo ambalo huwa halifanyi mchana. Alimwambia anyamaze. Atengeneze hii, aitoe ikiwa imenyooka, watu waone, jina lake lirudi. Zile zingine zikija moja moja azirekebishe bila kusema. Nani atajua? Nani atauliza? Ukisema sasa, alisema, watakuwa hawasemi tena kwamba huoni. Watasema umewaharibia magari yao miaka miwili, na hiyo ni mbaya zaidi, na Kilungu utaenda hata kama hutaki.

Kyule aliufuata mpira wa maji uliokuwa umening'inia nyuma ya nyumba, ule mpira mwembamba wa kuonyesha maji ndani ambao waashi hutumia kutafuta usawa. Evalyne alipofika saa nane kutoka kazini, alimkuta baba yake amepiga magoti sakafuni, naye baba akamwomba ashike ncha moja pale kwenye kona. Binti alivua viatu vya kazi, akashika. Maji yakapanda na kushuka ndani ya mpira, yakatulia, na Evalyne akaona mwenyewe: kwenye ncha yake maji yalikuwa juu ya alama, iliyopimwa urefu mmoja kutoka sakafuni, kwa vidole viwili vya mtu mzima. Baba yake alimwelekeza aangalie tena. Aliangalia tena. Baadaye akaweka mpira chini, akamwambia samahani. Kyule akamwambia ashike mpira, kazi haijaisha.

Waliweka vipande vya chuma kwenye ile kona mpaka maji yakalingana pande zote nne. Kyule alirudishia springi ya kushoto jani alilokuwa amelitoa, akakaza boliti. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu bandeji, alivuka barabara. Alihesabu hatua arobaini. Akachuchumaa kwenye vumbi, malori ya Namanga yakipita kati yake na kazi yake, akalitazama gari lililokuwa limetolewa nje kwenye lami, muda mrefu. Alirudi, akalegeza springi ya mbele kulia kidogo, akavuka tena. Aliporudi mara ya pili hakugusa kitu.

*

Jumamosi saa mbili Gichuru alikuja na mama yake, na picha ndani ya bahasha. Ngigi alikuwepo na madereva wenzake, maana habari ya vidole ilikuwa imeenea na kila mtu alitaka kujua itaishaje. Gari lilikuwa nje kwenye lami, limeoshwa.

Wacuka alishuka kwenye pikapu ya mwanawe, akakataa mkono wa kumshika. Alilizunguka Mustang mara moja, polepole, fimbo ikigonga. Alisimama nyuma yake, akalitazama kulia na kushoto. Picha hakuitaka. Alisema, kwa Kikuyu, kisha kwa Kiswahili ili fundi asikie, kwamba vile ndivyo lilivyokuwa likimngoja nje ya nyumba. Akaingia, akakaa, akageuza uso kwenye kioo.

Gichuru alimshika Kyule mkono kwa mikono miwili. Alisema aliyosema Jumatano yalikuwa ya ujinga na anaomba msamaha mbele ya hawa hawa waliosikia. Akageuka akawaambia madereva kwamba mzee huyu ana jicho ambalo Nairobi nzima hawana. Madereva wakapiga makofi, na Ngigi, ambaye hawezi kukaa bila kusema, akamwambia mzee, "Kwani macho yalikuwa yameenda safari, buda?" Watu wakacheka, na kicheko safari hii kilikuwa kizuri.

Nzilani alikuwa mlangoni. Alimwangalia mumewe na alijua kabla hajafungua mdomo.

"Macho hayakuenda mahali," Kyule alisema. "Shida ni sakafu yangu. Imezama kona ile tangu El Niño, na mimi sikujua. Gari yoyote nilipima hapo, imetoka ikiwa imeenda chini kushoto nyuma. Zote. Leteni, nitarudia bila malipo."

Dereva mmoja alitukana chini chini. Mwingine akasema ndio maana matairi yake ya kushoto yanaisha kila baada ya miezi mitatu. Walianza kusema wote pamoja, na Kyule alisimama akiyapokea yote, kichwa wazi, bila kuinama. Evalyne alikuja akasimama kando yake.

Ngigi peke yake hakupiga kelele. Alikuwa amekunja uso kama anayetafuta hesabu.

"Mzee," alisema mwishowe, "mimi nilirudi kwako mara mbili. Nikakuambia matatu inalala. Ukapima, ukaniambia springi iko sawa, labda ni uzito wa makanga anayening'inia mlangoni akiita abiria." Aliangalia viatu vyake tena. "Nilimfukuza makanga wangu, Musila, juu ya hiyo."

Kyule alikumbuka. Alikumbuka mpaka siku yenyewe, na vile alivyolisema kwa kujiamini, tepu mkononi. Alimwuliza Musila yuko wapi siku hizi. Ngigi akasema anapasua mawe kule machimboni, nyuma ya mji, na mahali pake pana mtu mwingine tayari.

Kyule aliingia ndani akanawa mikono. Nzilani alimpa koti bila kumwuliza anakwenda wapi.

Alimkuta Musila jua la saa saba, ameketi juu ya gunia, nyundo mkononi, kokoto zimemzunguka. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, shati limekuwa kubwa kuliko yeye. Alimsalimu mzee kwa heshima na kumtengenezea jiwe la kukalia. Kyule alikataa kukaa kabla hajasema. Alieleza yote, sakafu, tepu, maji, na maneno aliyomwambia Ngigi. Alisema kosa lilikuwa lake na si la Musila, na kwamba amelisema mbele ya watu, na atalisema tena mahali popote Musila atakapotaka lisemwe.

Musila alisikiliza mpaka mwisho. Aliiweka nyundo chini, akajitazama mikono, na miguu, na kifua kile chembamba, kama anayehakikisha.

"Mimi ni kilo hamsini na mbili, mzee," alisema. "Niliwaambia."